Mwendo wa Baba Mkwe

Msasani, Tukuyu
9 Juni 2001

Kwa Baba yake Lukasi,
Kambi ya Wakata Miwa, Kilombero.

Shikamoo Baba.

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Huku hatujambo. Mvua bado inanyesha kana kwamba haijui kuwa ni Juni. Mama hajambo, na Lukasi hajambo, kazi anaendelea nayo.

Baba, najua kwa desturi yetu mkwe hasemi na baba mkwe wake. Tangu niolewe sijasimama mbele yako. Ukija Krismasi mimi huingia migombani na kitenge changu usoni mpaka upite. Jina lako sijawahi kulitamka, na leo pia sikuthubutu kuliandika juu ya bahasha. Lakini Lukasi anasema neno hili ni la kwako wewe mwenye mji, na Mama anasema karatasi haina uso wala sauti, basi niandike. Kama ni kosa, unisamehe.

Nafanya kazi katika duka la kuchapa barua na kutoa fotokopi hapa mjini. Jirani yetu ni mgahawa, na siku hizi wameweka televisheni. Jioni huonyeshwa katuni, zile picha za kuchorwa zinazotembea na kusema. Watu wazima wanasimama mlangoni chai ikipoa mikononi. Baba, zile picha kuna watu wanaozitengeneza kwa kompyuta. Ni kazi. Wanaamka asubuhi, wanaoga, wanakwenda kuifanya. Mimi nataka kusomea kazi hiyo. Nachora tangu darasa la tatu, na Lukasi anajua.

Mwalimu Veronika, aliyenifundisha sekondari, amenitafutia habari. Njia ninazoziweza ni mbili. Kuna chuo cha kompyuta Mbeya, katika hivi vya watu binafsi vinavyofunguliwa kila mtaa. Ni miezi sita unapata cheti, na kila Ijumaa ningerudi nyumbani. Halafu kuna chuo cha sanaa kule Pwani, miaka mitatu, wanafundisha kuchora na kuchonga na maigizo. Ukitoka hapo ndipo unaitafuta kompyuta Dar es Salaam. Moyo wangu uko Pwani. Maombi yanafungwa mwishoni mwa mwezi wa saba.

Sitaandika maombi mpaka useme.

Mkwe wako,
Mke wa Lukasi


Kambi ya Wakata Miwa, Kilombero
24 Juni 2001

Mkwe wangu,

Marahaba! Marahaba tena na tena!

Barua yako nimeipokea nikiwa na masizi mpaka puani, nikanawa mikono kwanza ndipo nikaifungua. Sijawahi kupata barua kama hii. Barua zote za nyumbani hunieleza nani amekufa na paa gani linavuja. Hii yako inaniuliza mimi nafikiri nini.

Basi nafikiri hivi: nenda! Nenda huko huko Pwani, moyo unakokwenda. Mtu akienda mahali ambako moyo haupo, anakuwa kama sisi huku. Waambie wote nyumbani kwamba Baba yake Lukasi amesema, na asiyetaka aje anitafute katikati ya miwa.

Mwambie mama yake Lukasi asiache kulipaka mafuta ya nyonyo lile goti. Na yule ng'ombe mwenye baka akizaa, msimpe mtu ndama mpaka nije.

Ndaga fijo, asante sana, mwanangu, kwa kunikumbuka.

Ni mimi,
Baba yake Lukasi


Msasani, Tukuyu
8 Julai 2001

Kwa Baba yake Lukasi,
Kambi ya Wakata Miwa, Kilombero.

Shikamoo Baba.

Niliisoma barua yako dukani nikapiga kigelegele, mwenye duka akadhani nimeunguzwa na mashine. Lukasi aliisoma mara mbili. Alisema, "Huyu ni baba yangu kweli? Labda joto la huko limemlainisha." Mama alimkemea, lakini na yeye alikuwa anacheka.

Maombi nimeyatuma siku ya pili yake. Chuo kimeshajibu kwa simu ya Mwalimu Veronika: usaili ni Mbeya, mwisho wa mwezi wa nane. Nitakwenda na michoro yangu.

Baba, kuna mambo mawili Mama ameniagiza niulize. La kwanza, anasema magoti yake yote ni mazima, labda ulikuwa na maana ya kiuno. Hata hivyo ametafuta mafuta ya nyonyo na amepaka goti la kulia, kwa kuwa hukusema lipi. La pili ni ng'ombe. Tumeelewa kwamba umetununulia ng'ombe. Lukasi amefagia banda la zamani, ameweka nyasi, na majirani wameanza kuja kuulizia maziwa. Tujulishe atafika lini, na nani anamleta.

Tunashukuru sana kwa ng'ombe, na mimi nashukuru zaidi kwa ruhusa.

Mkwe wako,
Mke wa Lukasi


Kambi ya Wakata Miwa, Kilombero
20 Julai 2001

Mkwe wangu,

Marahaba. Kabla hujasoma zaidi, kaa chini.

Ng'ombe hakuna.

Mimi ndiye baba yake Lukasi. Aliyekuandikia ni baba yake Lukasi mwingine. Katika kambi hii tuko wawili wa Rungwe ambao wazaliwa wetu wa kwanza wanaitwa Lukasi. Mwenzangu ni Ambindwile wa Kisiba, na mtoto wake naye ameoa mwaka juzi na kuhamia Tukuyu. Watu wanamwita yeye Baba Lukasi Mrefu na mimi Baba Lukasi Mfupi. Wewe kwa heshima yako hukuandika jina, na urefu pia hukuandika. Karani wa barua alimpa aliyekuwa karibu. Na yeye hajui mwandiko wa mkwe wake, maana kama mimi, hajawahi kusema naye. Goti ni la mke wake, na ng'ombe mwenye baka ni wake.

Barua yako ya pili karani alinipa mimi. Nikasoma kwamba nimetoa ruhusa. Nikasoma kwamba nimenunua ng'ombe. Nikasoma kwamba mke wangu anapakwa mafuta ya goti kwa amri yangu. Nilikaa juu ya ndoo nikajishika paji la uso kuona kama nina homa.

Halafu nikamfuata Ambindwile kwenye foleni ya maji.

"Wewe! Umempa mkwe wangu ruhusa gani?"

"Mkwe wako? Mimi nimempa wa kwangu."

"Wa kwako anajua kuchora?"

"Nitajuaje? Nimewahi kusema naye?"

Watu wote waliweka ndoo chini wakacheka. Mmoja akasema, "Baba Lukasi Mrefu, mpe basi na ng'ombe!" Tangu siku hiyo nikipita wananiuliza habari za maziwa.

Nao wacheke, lakini mimi sicheki sana, mwanangu. Nitakuambia wazi kwa sababu sijui kusema kwa kuzunguka. Ruhusa hiyo siyo yangu, na mimi nisingeitoa.

Nimeishia darasa la nne, sitajifanya najua katuni. Lakini umbali naujua. Nilikuja huku nikisema ni msimu mmoja. Lukasi alikuwa hajaota ndevu. Huku miwa inachomwa moto kwanza, asubuhi tunaingia kwenye majivu na panga, jioni mgongo hautaki kusikia kitu isipokuwa mkeka. Msimu ukiisha, unasema nitamalizia mwingine. Krismasi iliyopita mama yake Lukasi aliniwekea chai mbele, akaniuliza, "Unakunywa na sukari?" Alikuwa ananiuliza kama mgeni. Mimi, ninayeshinda kwenye miwa! Alikuwa hana nia mbaya. Alikuwa amesahau tu. Umbali ndivyo unavyokula nyumba, hauvunji mlango, unakula kidogo kidogo kama mchwa. Wewe na Lukasi mna miaka miwili. Miaka mitatu ya Pwani ni mingi kuliko ndoa yenu.

Jambo la pili. Kama mashine ndiyo inayochora, kwa nini ukae miaka mitatu kujifunza kuchora kwa mkono? Nenda hapo Mbeya, ujifunze mashine yenyewe, na Ijumaa uwe kwako.

Nijibu, wala usinipambe. Na Lukasi aandike mwenyewe anasemaje. Asijifiche nyuma yangu. Wa kujificha ni wewe, si yeye.

Mpaka hapo, usiende kwenye usaili.

Baba mkwe wako


Msasani, Tukuyu
2 Agosti 2001

Kwa Baba yake Lukasi, Yule Mfupi,
Kambi ya Wakata Miwa, Kilombero.

Shikamoo Baba.

Unisamehe kwa hilo neno la juu. Mama amesema hakuna njia nyingine.

Barua yako tuliisoma tukiwa watatu jikoni. Ilipofika kwenye ng'ombe, Lukasi alitoka nje akaenda kulitazama banda. Ilipofika kwenye sukari, Mama aliinuka akasema moshi umemwingia machoni. Baadaye aliniambia nikuandikie hivi: vijiko viwili, na hatasahau tena.

Umeniambia nisikupambe. Basi nitasema.

Ningekuwa muongo nikisema hapa dukani sijaijaribu kompyuta. Innocent, mwenye duka, alileta sidii yenye programu ya kutengeneza picha zinazotembea. Aliniacha niichezee wateja wakipungua. Nikachora mwanamke amebeba mkungu wa ndizi kichwani, nikaiambia kompyuta imtembeze. Ikamtembeza. Aliteleza kama sanduku linalovutwa kwa kamba. Miguu ilikuwa inakwenda huku mwili haujui. Innocent alisema, "Huyu amekufa, wanampeleka kuzikwa." Nilicheka, lakini niliumia. Kosa halikuwa la mashine. Ilifanya kila nililoiambia, ila mimi nilikuwa sijui cha kuiambia. Nikaenda kukaa kando ya barabara inayopanda sokoni, nikawatazama kina mama wanavyopanda na ndizi. Shingo haitikisiki, kiuno ndicho kinachofanya kazi yote, na mguu unakanyaga kwa nje kwa ajili ya utelezi. Nikarudi, nikachora upya. Safari hii Innocent alimwita kijana wa mgahawani aje aone.

Chuo cha Mbeya kitanifundisha mashine. Niliwauliza kama wanafundisha mwili wa mtu unavyokwenda, wakasema hapana, wanafundisha kuchapa na mahesabu ya ofisi. Hawana kosa, hiyo ndiyo kazi yao. Wala hao wa Pwani hawana kompyuta ya kutengeneza katuni, nisikufiche. Kwa hiyo hakuna njia moja iliyonyooka, Baba. Ni lazima nianze upande mmoja. Nikianza na mashine, nitakuwa na mashine na mtu anayeteleza. Nikianza na mtu, mashine nitaikuta mbele.

Na kuna jambo ambalo sijamwambia mtu, hata Lukasi. Watu hudhani nilijifunza kuchora shuleni. Lakini kutazama mwendo nilijifunza migombani, kwa kukukwepa wewe. Mkwe anayejificha haruhusiwi kuona uso, basi anajifunza mengine yote. Najua hatua zako kwenye kokoto kabla hujafika kwenye mlango wa jirani. Nimeona viatu vyako, na mgongo wako, na mkono unaoshika begi. Uso wako siujui. Nikikutana nao stendi ya Kiwira nitaupita.

Ndani ya bahasha kuna karatasi ndogo zilizoshonwa upande mmoja. Zishike kwa mkono wa kushoto, uziachie haraka kwa kidole gumba cha kulia, kama mtu anayehesabu karata. Sikutumia mashine. Ni penseli tu.

Ukishatazama, ukisema nisiende, sitakwenda. Nitamwandikia Mwalimu Veronika mwenyewe.

Mkwe wako,
Mke wa Lukasi

Baba, ni mimi Lukasi. Shikamoo. Nilikuwa najificha nyuma yako, ni kweli. Niliogopa kusema ndiyo halafu useme mimi si mwanaume. Mimi nasema aende. Ugali najua kupika, mboga nitajifunza. Likizo zake atakuja, na zangu nitakwenda, nikaone hiyo Pwani. Banda sijalibomoa.


Kambi ya Wakata Miwa, Kilombero
14 Agosti 2001

Mkwe wangu,

Marahaba.

Barua ilifika Jumapili, siku ambayo hatukati. Karani alisoma bahasha kwa sauti, "Baba yake Lukasi, Yule Mfupi," na kambi nzima ikapiga makofi. Sawa. Umenilipa.

Nilisoma barua peke yangu nyuma ya kibanda. Zile karatasi nilizitazama bila kujua nifanye nini nazo, vidole vyangu vimekuwa vigumu kwa panga. Ambindwile akaja, maana hana aibu, akasema, "Lete, mimi ni baba mkwe wake wa kwanza." Akazishika, akaziachia kwa kidole gumba. Akarudia. Halafu akasema, "Huyu ni wewe."

Nikamwambia aache utani. Mtu amechorwa kwa nyuma, ana kofia na begi, wenye kofia na begi ni wengi. Akainuka akampelekea karani bila kumwambia neno. Karani akaachia karatasi, akasema, "Baba Lukasi Mfupi anakwenda wapi na begi?" Akampelekea mpishi. Mpishi akasema hivyo hivyo. Wakampelekea hata yule Msukuma aliyekuja juzi, ambaye jina langu halijui, naye akaninyooshea kidole.

Mwanangu, mimi nilikuwa sijui kwamba navuta mguu wa kushoto. Niliwauliza, wakashangaa. "Tangu lini hujui?" Nilikuwa sijui kwamba bega moja limeshuka. Hakuna kioo kinachomwonyesha mtu mgongo wake. Nikachukua karatasi zangu, nikarudi nyuma ya kibanda, nikajaribu mwenyewe mpaka kidole kikakubali. Nikamwona mzee amechoka, anakwenda. Nikasema, basi, amenionyesha kwamba nimechoka, hilo ningemwambia hata bila mchoro.

Halafu nikaona mwisho wake. Zile karatasi za mwisho hatua zinakuwa ndefu. Mguu unavutwa vile vile, lakini unavutwa kwa haraka. Begi linaruka. Nikajua pale ni wapi: ni pale njia inapopinda, ukishapita kwa jirani, unapoanza kuuona moshi wa jikoni kwetu. Mimi huwa nadhani naingia nyumbani polepole kama mtu mzima. Kumbe nakimbia. Na wewe uliona, umesimama migombani na kitenge usoni.

Sikuwahi kumwambia mtu kwamba ninafurahi hivyo ninapofika. Hata mama yake Lukasi sikumwambia. Nilidhani anaona. Sasa mpelekee karatasi kama hizi, mchoree nyingine, aone.

Basi sina la kubishana. Kama mashine ya Mbeya haiwezi kukufundisha jambo hili, na wale wa Pwani wanaweza kukuongezea juu ya hili ulilo nalo, nenda Pwani. Nenda kwenye usaili. Hii ndiyo ruhusa yenyewe, ya Baba Lukasi Mfupi, na Ambindwile ni shahidi.

Lakini usifanye kama mimi. Mimi nilikuwa naandika barua mbili kwa mwaka, nikidhani kutuma vitu kunatosha. Wewe mwandikie Lukasi kila wiki. Ukikosa la kusema, chora sufuria uliyopikia. Na wewe Lukasi, ukienda huko Pwani usiende kama mkaguzi. Nenda kama mume.

Na mwisho: andika jina langu kwenye bahasha. Nimekuruhusu. Hakuna atakayekufa.

Baba mkwe wako

Mimi Ambindwile naongeza hapa chini, nimemnyang'anya kalamu. Mwanangu usiye wangu, usione haya kwa yale ya barua ya kwanza. Niliposoma kwamba mkwe ananiuliza nafikiri nini, nilifurahi nikajibu kabla sijafikiri. Baadaye nikajiuliza, wa kwangu mbona haniulizi? Nikamwandikia mimi, nikamuuliza anataka nini. Amejibu! Anataka kujifunza cherehani. Nimemwambia aende. Safari hii bahasha niliandika majina yote, hata la babu yangu.


Chuoni, Pwani
4 Novemba 2001

(Bahasha hii haina jina. Ina mchoro wa miguu miwili, wa kushoto unavutwa kidogo, na begi.)

Shikamoo Baba.

Nilijaribu kuliandika jina lako. Nilishika kalamu nikiwa peke yangu, mlango umefungwa. Mkono ulikataa. Nimechora miguu. Kama imekufikia, basi karani anajua kusoma.

Nilipita. Usaili ulikuwa na watu watatu nyuma ya meza. Wengine walileta michoro mikubwa yenye rangi, twiga na machweo. Mimi nilitoa vikaratasi vyangu, nakala ya vile vyako. Mzee mmoja mwenye ndevu akaviachia kwa kidole, akauliza, "Nani amekufundisha kutazama hivi?" Nikamwambia, baba mkwe wangu. Akauliza, "Ni mchoraji?" Nikasema, hapana, anakata miwa, na mimi sijawahi kumwona uso. Walitazamana. Ikabidi niwaeleze desturi yetu yote, na usaili wangu ukachukua muda mpaka waliokuwa nje wakaanza kugonga.

Huku ni joto, Baba, sasa nakuelewa. Wiki ya kwanza walituletea kuku darasani wakasema tumchore akitembea. Kuku hakukubali kutembea. Alikimbia, akaruka juu ya mwalimu, na sisi tukakimbia nyuma yake na penseli. Mwalimu akasema hilo ndilo somo, kila kilicho hai hakimsubiri mchoraji. Tunachora mikono, tunachora watu wanaoinuka kutoka kwenye viti. Tunacheza maigizo pia, maana wanasema huwezi kuchora mtu mwenye hasira kama mwili wako haujui hasira inakaa wapi. Nilipewa sehemu ya mzee anayerudi nyumbani. Nadhani unajua nilitembeaje. Walipiga makofi.

Mashine pia nimeiona mbele, kama nilivyosema. Mwalimu mmoja ana rafiki Dar es Salaam aliyefungua ofisi ya kutengeneza matangazo ya televisheni, na ana kompyuta zenye programu kubwa kuliko ya Innocent. Amekubali wanafunzi wawili wakati wa likizo ndefu, na mmoja ni mimi. Lakini Krismasi nitakuja nyumbani kwanza. Lukasi alikuja mwezi uliopita. Siku ya kwanza alikuwa mkaguzi, siku ya pili akawa mume. Alipika ugali kwenye jiko la wenzangu, wakaniuliza kama ana kaka.

Mama ameniambia kitu kupitia Lukasi. Anasema zamani baba mkwe akitaka kuiondoa desturi katika nyumba yake, alileta zawadi mbele ya watu, na mkwe akafunuliwa kitenge, basi yakaisha, wakasalimiana. Anasema kanisani wengi wameshaacha hata zawadi. Mimi sisemi kitu. Nakueleza tu alivyosema Mama.

Ndani kuna karatasi nyingine zilizoshonwa. Safari hii si wewe. Ni mtu anayesimama migombani, na anafanya kitu kwa mkono wake. Ukitaka, zitazame mpaka mwisho. Ukiona si vyema, ishia katikati, sitakuwa na kinyongo.

Mkwe wako,
Sekela


Kambi ya Wakata Miwa, Kilombero
2 Desemba 2001

Sekela, mwanangu,

Marahaba.

Karani alipoiona bahasha hakuita mtu. Alinifuata mpaka kwenye kibanda, akanipa mkononi. Akasema, "Hii haina jina, lakini ni yako." Kambi nzima sasa wanataka wachorewe. Mpishi anasema yeye achorwe akiwa mwembamba.

Zile karatasi nimeziangalia. Niliona migomba, majani yanatikisika kidogo kama kuna upepo wa kwetu, ule wa asubuhi. Nikamwona mtu amesimama, amejifunika kitenge. Mkono unapanda. Unashika ncha ya kitenge. Kitenge kinaanza kushuka, unaonekana ukingo wa nywele, unaonekana paji la uso.

Hapo kidole gumba changu kilisimama. Imebaki karatasi moja. Nilijua ni moja kwa kuwa niliigusa.

Siogopi, na desturi yenyewe sasa naiona kama shati lililonibana. Lakini nikasema, huyu mtoto alinitazama miaka yote hii bila kuniona uso, akaniheshimu mpaka akanijua mgongo. Mimi nisimwone kwa kuiba, nyuma ya kibanda, na masizi mikononi. Nimeifunga ile karatasi ya mwisho kwa uzi.

Nakuja tarehe ishirini. Nimenunua kitenge kipya, Ambindwile alichagua rangi, kwa hiyo kama ni mbaya mlaumu yeye. Yeye pia anakuja, tutasafiri pamoja, anaenda Kisiba na sindano za cherehani mfukoni. Mwambie mama yake Lukasi awaite majirani, hata wale waliokuja kuulizia maziwa. Nitasimama pale njia inapopinda. Wewe usiingie migombani. Nitakupa kitenge, utashusha kile cha zamani, nami nitaukata uzi hapo hapo, niitazame karatasi na nikutazame wewe, nione kama umejichora sawasawa.

Na mimi nitavua kofia, ili na wewe unione.

Ambindwile ameshaitazama ile karatasi kabla sijaifunga, maana yeye si baba mkwe wako na hakuna kinachomzuia. Tangu asubuhi anatabasamu na hataki kuniambia kitu.

Msimu huu ukiisha, sitamalizia mwingine. Nimemwambia msimamizi.

Chai ni vijiko viwili, lakini safari hii mama yake Lukasi aniulize tu, nipate kumjibu.

Baba mkwe wako,
Meshaki